Kabla ya Kukata Jani Lenye Ukingo wa Njano

Anayetaka kuzalisha sansevieria aina ya 'Laurentii', ile ya vyunguni yenye majani marefu yaliyosimama kama mapanga na ukingo wa njano kila upande, na aweke kisu chini kwanza. Mmea huo mmoja hubeba tishu za aina mbili: seli zenye kloroplasti timamu, yaani chembe za kijani zinazotengeneza chakula cha mmea, na pembeni mwake seli ambazo plastidi zake (kundi la chembe ambalo kloroplasti ni mojawapo) zimeshindwa kukomaa.

Tofauti hiyo inafaa ionekane kwa macho. Kwa wembe mpya, kata kipande chembamba kinachopitisha mwanga, hasa pale kijani kinapokutana na njano, ukitie katika tone la maji na kukitazama kwa hadubini, ukianza na ukuzaji wa mara 100 kabla ya kupanda hadi 400. Upande mmoja seli zimejaa chembe za kijani zenye umbo la dengu, zenye upana wa takribani mikromita 5. Upande wa pili seli zinaonekana kama chupa tupu. Muundo wa ndani usiutarajie hapo, kwani ni hadubini ya elektroni inayoonyesha thailakoidi, yaani vifuko bapa vya utando, zikiwa zimepangana kama sahani ndani ya kloroplasti nzima, ilhali katika tishu nyingi zilizopauka plastidi huwa na vifuko vichache tu, bila utando wa kutosha wa kushikilia klorofili, ile rangi ya kijani.

Kwa mmea mwingine wowote wenye mabaka, pia hakikisha kwamba baka ni la plastidi kweli, maana rangi ya fedha ya begonia nyingi hutokana na nafasi za hewa chini ya ngozi ya jani, na madoa ya Abutilon, kichaka cha maua cha bustanini, mara nyingi ni ya virusi.

Kipande cha jani la 'Laurentii' hutoa mizizi vizuri, lakini chipukizi lake huota la kijani kitupu, na muuza miche hulaumiwa bure. Gawanya shina la chini ya udongo pamoja na chipukizi lililokwisha kuonyesha ukingo. Mbegu nazo si za kutegemea: mwaka 1909 mwanabotania Mjerumani Carl Correns alionyesha kwamba katika Mirabilis jalapa, ua la bustanini, yenye majani ya mabaka, rangi ya mche hufuata tawi lililozaa mbegu, chavua itoke popote. Likitokea chipukizi lisilo na kijani hata kidogo, liache kwa mama yake, kwa sababu halijitengenezei chakula.