Kabla ya kung'oa nipeli ya vakyumu iliyokatika

Nipeli ya vakyumu ni kijibomba kidogo tu cha kuchomekea mpira unaobeba vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, lakini imekaa kwenye manifoldi ya kuingiza hewa, na shimo lake linaelekea kwenye valvu. Kipande kikidondokea humo kitavutwa hadi silindani mara tu injini inapowaka. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, jua kwanza kipande kilichobaki utakitoa kwa njia gani, na kama nipeli mpya unayo mkononi. Kwa aliye Pemba hili la pili lina uzito wake, maana spea ikikosekana Chake Chake itabidi isubiriwe kwa boti kutoka Unguja au Dar es Salaam, na gari lipo wazi.

Angalia ni nipeli ya aina gani. Ya plastiki iliyochomekwa kwenye raba haina shida: ingiza skrubu taratibu ndani ya tundu lake, kisha vuta kwa koleo, moja kwa moja bila kupindisha. Plastiki iliyopikwa na joto la injini miaka mingi hukatika kama biskuti, basi usiibane pembeni. Raba nayo nunua mpya. Ikiwa nipeli imeumbwa pamoja na manifoldi ya plastiki, usihangaike kuifungua. Hapo manifoldi inashuka, na gasketi mpya iwe imeshanunuliwa.

Ya thredi ndiyo yenye kazi. Tafuta ekstrakta, chombo cha kung'olea skrubu iliyokatika, inayoingia vizuri kwenye tundu. Magari yanayolala karibu na bahari, Nungwi au Jambiani, chumvi hushikanisha chuma na alumini, kwa hiyo tia mafuta ya kutu usiku mmoja kabla. Injini ikiwa vuguvugu inasaidia, kwa sababu alumini hutanuka kuliko chuma na shaba. Ya moto itakuunguza tu. Ekstrakta ikianza kupinda, acha. Ikikatikia ndani, drili ya kawaida haiitoboi.

Ukilazimika kutoboa, shusha manifoldi. Wapo wanaopaka grisi kwenye ncha ya drili ili inase chembe, na inanasa nyingi, ila si zote. Kupuliza kwa kompresa ndiyo mbaya zaidi: unazisukuma ndani mwenyewe.

Kwenye kununua ndipo wengi wanapoharibu. Magari ya Kijapani, ambayo ndiyo mengi Unguja na Pemba, kwa kawaida hutumia thredi za BSPT, za bomba za kipimo cha Kiingereza. Ile ya inchi 1/8 ina meno 28 kwa inchi. NPT ya 1/8, ya Kimarekani, ina 27. Ukiichanganya, itaingia mizunguko ya mwanzo vizuri, kisha itabana. Fundi atadhani imekaza, kumbe inakula alumini. Chukua kipande cha zamani uende nacho dukani, uyalaze meno juu ya meno. Pima na mdomo wa mpira: mipira midogo huwa ya 4 mm au 6 mm, wa busta ya breki, kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga, hufika 10 mm au zaidi. Kwa busta usitumie mpira wa maji, kwani vakyumu huubana ukajifunga. Valvu ya upande mmoja iliyo kwenye mpira huo irudi kwa mwelekeo ule ule. Ipige picha kabla ya kuitoa.

Thredi tepu zungusha kuanzia jino la pili au la tatu, isije ikachomoza ndani. Silikoni ya kawaida yenye harufu ya siki iache, mvuke wake huharibu sensa ya oksijeni. Kaza kwa mkono mpaka ikatae, kisha spana mzunguko mmoja hadi miwili. Zaidi ya hapo alumini hupasuka.

Ukiwasha, nyunyizia maji kidogo kuzunguka nipeli. Sailensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, ikibadilika, bado inavuta hewa. Usitumie petroli, egzosta iko karibu. Mwenye geji ya vakyumu, injini isiyo na kasoro usawa wa bahari husoma kati ya inchi 17 na 22 za zebaki.

Kama nipeli ilikuwa ya busta, zima injini, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, kisha iwashe mguu ukiwa juu yake. Pedali lazima ishuke kidogo. Isiposhuka, gari lisitoke gereji.