Picha ya bure ina masharti yake

Kabla hujabandika picha ya bure kwenye bango au tovuti, tafuta leseni yake uisome. Neno "bure" linahusu bei tu. Ukikuta CC0 (CC ni Creative Commons, leseni za kuruhusu wengine watumie kazi yako), mwenyewe ameachilia haki zake, itumie utakavyo. CC BY inataka umtaje mpiga picha na leseni yenyewe, tena useme kama umeibadilisha. Yenye NC, yaani si kwa biashara, usiitie kwenye tangazo la biashara. Yenye ND, yaani isigeuzwe, ukishaichezea rangi, usiisambaze.

Kinachowaponza wengi ni sura za watu. Mpiga picha anaweza kukuruhusu utumie picha, lakini ridhaa ya mtu aliyemo ni jambo jingine kabisa. Chukua picha ya mama anayetabasamu, iweke juu ya tangazo la dawa ya kisukari: umeshamtangaza kuwa mgonjwa, na yeye hana habari! Nembo ya kampuni kwenye fulana nayo ina mwenyewe.

Mimi siku ninayopakua picha huhifadhi kiungo chake na kupiga picha ya skrini ya ukurasa wa leseni. Masharti hubadilika: Unsplash, tovuti ya picha za bure, ilitumia CC0 hadi 2017, kisha ikaja na leseni yake yenyewe.