Kabla hujashuka wadini: ya kuzingatia kwa anayekwenda kutembea Oman

Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 kuanzia siku unayoingia. Viza omba mwenyewe kwenye tovuti ya Polisi wa Kifalme wa Oman, usimpe dalali hela yako. Plagi ni zilezile za pini tatu bapa, saa yao imetangulia yetu kwa saa moja tu, na ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam au Zanzibar inachukua kama saa 5. Laini ya simu nunua uwanja wa ndege siku hiyohiyo. Kwa hayo sina la kuongeza.

Dawa ndizo za kukaa nazo chini. Ukitumia dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli, beba cheti cha daktari, na dawa ziwe ndani ya pakiti yake. Ndugu zangu wa Mombasa na Lamu, miraa isiguse begi lako, wala usikubali kubebeshwa kifurushi cha mtu ambacho hukukifungua kwa mikono yako. Kule miraa ni dawa ya kulevya, na hakuna atakayekusikiliza ukisema kwenu inauzwa njiani.

Msimu: nenda kati ya Novemba na Machi. Juni na Julai joto la Muscat hupita nyuzi 40 na hata upepo wa baharini unakujia wa moto. Anayelazimika kwenda miezi hiyo aelekee Salalah, kusini, ambako kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba kuna kharifu: manyunyu, ukungu, milima ya kijani, na kando ya barabara vibanda vya madafu, ndizi na mapapai, ungedhani uko Mkoani, Pemba. Lakini bahari ya Salalah wakati huo usiiingie hata ya magoti. Mawimbi ya ufuo wa Mughsail huwazoa watu waliosimama juu ya mawe, sembuse aliye ndani ya maji.

Gari utalihitaji, maana vivutio viko mbali na mabasi ni machache. Sasa kumbuka: wao wanaendesha kulia. Sisi tuliozoea kushoto tunasahau mahali pawili, unapotoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu, na unapofika kwenye kipilefti. Kipilefti ya kule unaingia kwa kulia na unampisha anayetoka kushoto kwako. Hata ukitembea kwa miguu, kabla ya kuvuka tazama kushoto kwanza. Siku mbili za mwanzo abiria wako asilale. Akae macho akukumbushe. Kamera za mwendo ziko kila baada ya kilomita chache, kwa hiyo ukiona kibao cha 120 usiende 130. Na mkataba wa gari la kukodi usome mstari kwa mstari, hasa pale panapoandikwa bima haigharamii nini. Mimi sikusoma.

Hapo ndipo nilipotaka kufika.

Wadi ninayoisema si ya hospitali wala ya uchaguzi. Ni korongo, mto unaokauka karibu mwaka mzima, wenye changarawe nyeupe chini na kuta za mawe huku na huku. Nyingine zina madimbwi ya maji ya kijani yasiyokauka, na hayo ndiyo wageni wanayoyafuata. Aliyekulia Dodoma au Makueni anaijua mito ya mchanga na tabia yake. Mimi nimekulia Unguja. Mto wa namna hiyo nilikuwa nausikia tu.

Ilikuwa Aprili, siku ya Ijumaa, baada ya sala. Tulikuwa watano: ami yangu, mkewe, watoto wao wawili wa miaka 8 na 11, na mimi. Tulikwenda kuchoma nyama kwenye wadi ndogo upande wa Quriyat. Nilikuwa nimekodi gari dogo jeupe. Ami akasema, "Liache juu kule, karibu na barabara." Nikamjibu, "Ami, watoto watachoka kubeba vitu, na chini kuna kivuli." Nikaliteremsha hadi kwenye changarawe, chini ya mkunazi. Jambo hilo nililitaka mimi, na mpaka leo linanikaa moyoni.

Jua lilikuwa linawaka. Juu yetu hapakuwa na wingu, ila nyuma ya milima ya Hajar kulikuwa na weusi ambao niliuona na kuupita kwa macho. Kijito kilichokuwa kikipita pale hakikufika hata kwenye vifundo vya miguu, na kilikuwa safi kiasi kwamba watoto waliona samaki wadogo wakija kuwadonoadonoa vidole. Mkaa ulikuwa umeshashika. Yule mdogo akaenda kuchota maji ya kuoshea mikono, akarudi na sufuria akanionyesha: maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na juu yake yanaelea majani makavu na vinyesi vya mbuzi. Nikamwambia akachote pengine. Ami akainuka, akaitazama ile sufuria, kisha akageuza uso juu ya bonde akasikiliza. Nami nikasikia, kama lori linamwaga kokoto mahali mbali. Ami akasema neno moja tu: "Juu!"

Hatukuchukua kitu. Nilimbeba yule mdogo, mkubwa akamshika mama yake mkono, na mama akawa anapanda huku amekusanya baibui lake kwa mkono mmoja. Hatukuwa tumefika mbali, labda urefu wa nyumba ya ghorofa moja, maji yalipotokea kwenye kona. Nilitarajia wimbi. Kilichokuja kilikuwa kama zulia la povu, makuti, chupa za plastiki na magogo, linasukumwa kwa nyuma, na nyuma yake maji yanapanda bila kusimama. Gari lilinyanyuka upande wa nyuma kwanza. Likageuka taratibu, king'ora chake kikaanza kulia, taa zikiwakawaka, likaenda nalo linalia hadi tulipoacha kulisikia.

Ndani yake kulikuwa na pasipoti yangu, simu mbili, na kibaridi, lile sanduku la barafu. Ndani ya kibaridi kulikuwa na insulini ya ami.

Njia ya kurudi ilikatwa mbele na nyuma. Tulikaa juu ya mwamba ule hadi saa tisa usiku, watoto wanatetemeka, ami anatoka jasho na kuomba maji, na maji yapo mengi chini yetu yasiyonyweka. Yalipopungua, kijana mmoja mwenye pikapu alitupandisha na kutufikisha hospitali Muscat. Ami alilazwa siku 4. Alipona, alhamdulillahi. Bima ilikataa kwa sababu mkataba uliandika wazi kwamba gari likiingizwa ndani ya wadi, hasara ni ya aliyelikodi. Nililipa kwa miezi 14.

Kwa hiyo nisikilize. Mvua inayokuua wadini huioni. Milima ya kule ni mwamba mtupu, haina udongo wa kunyonya maji. Mvua ikinyesha kilomita nyingi juu, yote inateremka kwa pamoja kwenye makorongo, na inakufikia ukiwa umekaa juani. Kabla ya kutoka, tazama tahadhari za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Oman, maana wao ndio wanaotoa habari za hali ya hewa, na usitazame ya pale unapokwenda tu, tazama ya milimani. Muulize mwenyeji yeyote, muuza duka au mchunga mbuzi. Akitikisa kichwa, rudi. Gari liache juu, lielekee lilikotoka, ufunguo uwe mfukoni mwa mtu mzima. Ukifika, kabla ya kutandika mkeka, chagua kwa macho mahali mtakapopandia, waonyeshe watoto, wapande wajaribu. Maji yakibadilika rangi, au yakianza kuleta takataka, usingoje kuuliza kwa nini. Pasipoti, dawa na simu moja viwe kwenye mkoba ulio mwilini, si ndani ya gari.

Barabarani nako kuna vivuko vya wadi, pale lami inapozama bondeni. Pembeni utaona nguzo za kupimia kina. Maji yakiwa yanapita, simama, hata kama wenyeji wenye magari makubwa wanapita na kukupigia honi. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulisukuma gari dogo, na 60 yanayabeba hata makubwa mengi. Kuivuka wadi iliyojaa ni kosa la kisheria kule, na sheria hiyo imeandikwa kwa vilio. Aprili 2024, Samad al-Shan, watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari walisombwa na mafuriko wakafa. Hao walikuwa wenyeji, na nchi yao wanaijua kuliko mimi na wewe.

Sikukatazi kwenda. Nimerudi mara mbili, na Wadi Shab karibu na Tiwi ni mahali ambapo kila mwenye miguu mizima angefaa kupaona. Unavushwa kwa boti kwa rial 1 kwenda na kurudi, unatembea kama dakika 45 kati ya mitende na kuta za mawe, halafu unaingia madimbwini na kuogelea hadi kwenye upenyo mwembamba wa mwamba ambao nyuma yake kuna pango na maporomoko ya maji. Hujui kuogelea, ishia dimbwi la kwanza. Usikubali kuvutwa mkono na wenzako. Viatu viwe vya kulowa, vyenye kushika mawe. Kandambili ziache hotelini. Muulize mwenye boti safari ya mwisho ni saa ngapi, na mwambie aitaje kwa Kiarabu na kwa vidole, maana "saa mbili" yako na yake si moja.

Nizwa fika Ijumaa asubuhi mapema, ndiyo siku ya mnada wa mifugo: mbuzi na ng'ombe wanazungushwa kwenye duara, wanunuzi wamesimama pande zote mbili. Ngome iliyo pale ilijengwa na Imamu Sultan bin Saif, yule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Mwanawe Saif ndiye ambaye enzi yake Waomani waliitwaa Fort Jesus ya Mombasa, mwaka 1698, kwa hiyo Mmombasa akipanda ngazi za Nizwa anapanda ukurasa wa kwao. Jabal Akhdar polisi hawatakuruhusu kupanda bila gari la four-wheel. Kizuizi kiko chini kabisa, Birkat al-Mawz. Beba sweta, juu ni kama mita 2,000 na usiku kuna baridi ya Lushoto. Ras al-Jinz, kuwaona kasa wakitaga, weka nafasi mapema na usiwashe taa ya simu. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos wasio Waislamu wanaingia asubuhi tu, saa mbili hadi saa tano kwa saa zetu, isipokuwa Ijumaa. Wanawake wafunike nywele, mikono na miguu. Zulia la ukumbi wake mkuu lina uzito wa tani 21, na lilichukua miaka 4 kufumwa kwa mkono.

Chakula hakitakushinda. Mishkaki wanaiita mishkak na inachomwa kando ya barabara kila jioni. Shuwa, nyama inayopakwa viungo, kufungwa kwa majani na kufukiwa shimoni kwa siku nzima au mbili, ni ya sikukuu. Ukialikwa Idi usikatae. Halua yao huandamana na kahawa isiyo na sukari iliyotiwa iliki. Kikombe pokea kwa mkono wa kulia, na ukitosheka kitikise kidogo. Usipokitikisa watakumiminia tena na tena, nawe utaona aibu kukataa. Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, hata kama hufungi.

Na ulimi. Maelfu ya familia zenye asili ya Unguja, Pemba na Mombasa zinaishi Muscat, wengi walirudi baada ya 1970. Ukiwa soko la Mutrah usimseme mtu kwa Kiswahili ukidhani hasikii. Bibi aliyevaa barakoa anayechagua ubani pembeni yako huenda amezaliwa Malindi ya Unguja.

Droni usipeleke bila kibali. Wanawake usiwapige picha, wala kambi za jeshi. Namba ya dharura ni 9999. Iandike kwenye karatasi, usiiache kwenye simu tu. Mwachie mtu wa nyumbani ratiba yako ya kila siku, unakwenda wapi na unarudi saa ngapi. Maji ya kunywa beba lita 3 kwa kila mtu, na chupa moja zaidi ambayo haiguswi mpaka mmerudi kwenye lami.