Mvua ya bati kwa Pure Data, ya kuongozwa papo hapo jukwaani

Mvua iliyorekodiwa ina kasoro moja jukwaani: haimsubiri mtu. Mwigizaji akirefusha kimya chake, faili linaendelea. Akifungua mlango, mvua ni ileile. Kwa igizo la ukumbini au la redio ni afadhali uiunde mvua yenyewe kwa visanduku vidogo vilivyounganishwa kwa nyaya kwenye skrini, kisha uiongoze kwa mkono. Hapa tunatengeneza mvua ya Moshi wakati wa masika, inayopiga bati la geji 30 kwenye nyumba isiyo na dari. Ukiikosea, mkazi wa Majengo au Pasua, kata za Moshi, atakugundua mara moja.

Programu ni Pure Data, iliyoanzishwa na Miller Puckette miaka ya 1990. Ni ya bure na haihitaji laptopu yenye nguvu. Ctrl+E huingia na kutoka kwenye hali ya kuhariri, Ctrl+1 huleta kisanduku, Ctrl+2 huleta ujumbe, na Ctrl+/ huwasha sauti.

Hatua ya 1: tone moja

Fungua faili jipya, ulihifadhi kwa jina `tone.pd`. Shusha mnyororo huu: `inlet`, `metro $1`, `random 100`, `moses 30`, `t b b`. Metro inapiga, random inachagua namba kati ya 0 na 99, na moses inapitisha kushoto zile zilizo chini ya 30 tu. Bila mchujo huo matone yatadondoka kwa mpigo sawa, na utapata cherehani badala ya mvua.

Tundu la kulia la `t b b` lipeleke kwenye `random 1500`, kisha `+ 1200`, kisha tundu la kati la filta, `bp~ 1800 5`. Hapo kila tone linapata sauti yake. Tundu la kushoto lipeleke kwenye ujumbe `1 1, 0 30 1`, halafu `vline~`: sauti inapanda kwa milisekunde 1 na kushuka kwa 30. Mwisho, `noise~` (chanzo cha kelele) na `vline~` ziingie kwenye `*~` moja, itoke hapo kwenda tundu la kushoto la `bp~`, kisha `outlet~`.

Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni kuruka `t b b`. Kisanduku hicho hufyatua kulia kwanza, hivyo filta inapangwa kabla tone halijalia. Bila hicho filta inaweza kubadilika tone likiwa limeshaanza. La pili ni kutumia `line~` badala ya `vline~`. Pure Data huchakata sauti kwa mafungu ya sampuli 64, yaani kama milisekunde 1.45 ukiwa na sampuli 44,100 kwa sekunde, na `line~` huanzia mwanzo wa fungu tu. Kwa tone la milisekunde 30, kusogea huko kunasikika.

Hatua ya 2: paa

Faili la pili, `mvua.pd`, liwe kwenye folda ileile. Weka swichi (Ctrl+Shift+T) iwashe `tone 13`, `tone 17`, `tone 19` na `tone 23`. Namba hizo ndizo zinazoingia penye `$1`. Hazigawanyiki kwa nyingine, kwa hiyo metro nne hazikutani mara kwa mara. Kwa pamoja zinatoa matone kama 70 kwa sekunde.

Yakusanye yote kwenye `*~ 2`. Kutoka hapo vuta nyaya tatu kwenda `bp~ 740 15`, `bp~ 1190 15` na `bp~ 1930 15`, kisha changanya matokeo yake na matone yenyewe. Hilo ndilo bati. Usiweke namba zenye uwiano kamili, kama 500, 1000 na 1500: masikio yatazisikia kama noti moja, na paa litaanza kuimba.

Hatua ya 3: vumi

Huu ni mvumo wa mvua usio na matone, unaochanganywa na bati: `noise~`, `hip~ 800` (hukata sauti nene), `lop~ 6000` (hukata sauti nyembamba), `*~ 0.03`. Basi.

Hatua ya 4: kuiongoza

Wengi huweka kitelezi cha sauti na kuridhika. Lakini mvua inayokuja hailii kwa nguvu zaidi tu, matone yanaongezeka. Kwa hiyo ndani ya `tone.pd` weka `r wingi`, waya wake uende tundu la kulia la moses. Kwenye `mvua.pd` weka kitelezi (Ctrl+Shift+V) kiende `s wingi` (`s` hutuma, `r` hupokea bila waya), na kwenye Properties zake andika 5 hadi 80. Kwenye 5 unapata manyunyu, matone kama 12 kwa sekunde. Kwenye 80 yanafika kama 185 na kuanza kuungana. Ukifika huko, pandisha vumi badala ya kuongeza matone.

Kitelezi cha sauti chenyewe kipite `/ 127`, `pack f 200`, `line~`, kisha `*~` kabla ya kufika matundu yote mawili ya `dac~`, kisanduku kinachotoa sauti kwenda spika. Ukiruka `line~`, kila ukisogeza kidole utasikia mkwaruzo. Kwa mlango unaofungwa, weka `lop~` kabla ya `dac~` na uishushe hadi 2500. Usiongeze mwangwi, ukumbi una wake.

Ikigoma

Ikikatakata, nenda Media, Audio Settings, upandishe Delay hadi 40 au 50. Ikipasuka, jumla ya sauti imevuka 1: punguza kwenye `*~`. Ukisikia mngurumo usiokoma kwenye mikisa, chomoa chaja kwanza. Mngurumo ukinyamaza, tatizo lilikuwa njia ya umeme kati ya chaja na mikisa. Cheza kwa betri, ambayo ni busara hata hivyo kwa sababu ya umeme kukatika.

Jaribu kwa spika za ukumbi, si za laptopu. Watu wakijaa, sauti nyembamba hupungua, kwa hiyo usifikishe kitelezi juu kabisa wakati wa mazoezi. Na ikinyesha ya kweli katikati ya onyesho, zima yako.