Ukiongoza watu, jifunze kushukuru vizuri

Kama wewe ni chemani wa steji ya boda, ama mama unayeongoza kikundi cha kuweka na kukopa huko Busia au Koboko, ama LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, ama una duka tu na vijana watatu wanakufanyia kazi, haya ni yako. Viongozi wengi huku kwetu Uganda wanajua kukemea vizuri sana, mtu akichelewa mkutano anasikia, akikosea hesabu kijiji kizima kinajua, lakini yule aliyefika mapema akafagia na kupanga viti haambiwi kitu, eti ni kazi yake. Alafu mwaka ukipita unashangaa mbona watu wa kujitolea wameisha.

Najua jibu lenu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sawa, lakini huyo mgema alisifiwa, hakuna mahali walisema alishukuriwa. Ukimwambia mtu we ni mkali, hakuna kama wewe, hapo ndo unampandisha kichwa. Ukimshukuru unamwambia umeona amefanya nini na nani kasaidika, na mtu akishajua kwamba unaangalia kazi yake hiyo maji atatia saa ngapi?

Kwa hiyo taja kitu chenyewe. Ile ya "nashukuru wanakamati wote kwa kazi nzuri" watu wanapiga makofi na hakuna anayeenda nayo nyumbani. Sema hivi: "Dada, Jumanne mvua ilinyesha na bado ukaleta ufunguo saa nane kamili, tukafungua sanduku la pesa za kikundi kwa wakati, yule mama mwenye mtoto mgonjwa akapata mkopo wake siku hiyo hiyo." Siku, alichofanya, aliyefaidika, basi, usiongeze hotuba.

Sasa ili utaje lazima uwe umeona, na hapa ndo kazi iko. Kikundi cha sanduku kina watu wengi ambao hawapigi kelele: washika funguo watatu, wale wawili wanaohesabu pesa, mwandishi, na yule anayelala na sanduku nyumbani kwake na hofu ya wezi mwaka mzima mpaka siku ya kugawana, huyo kusema kweli naona ndo anasahaulika kuliko wote. Kwa steji kuna yule anayepanga foleni asubuhi wenzake wakiwa wameshabeba abiria. Kijijini kuna VHT, wale wa timu ya afya ya kijiji, siku za chanjo wanazunguka nyumba kwa nyumba na kazi yenyewe ni ya kujitolea. Weka kadaftari, ama andika kwa simu, kila jioni jina moja na kitu alichofanya, usitegemee kichwa kwa sababu kichwa cha kiongozi kinabaki na matatizo tu. Mwisho wa mwezi fungua uangalie, kama jina ni lile lile la rafiki yako au la mtu wa kwenu, jua watu wameshaona kabla yako na wanasema huyo ni mtu wake, tafuta wengine.

Angalia pia unashukuru wapi. Kuna mtu ukimtaja kwa mkutano anafurahi wiki nzima, mwingine anainama anatamani ardhi immeze, na kuna ambao ukiwataja tu unawaletea wivu. Mzee usimshukuru kama mtoto wa shule, mwambie "Mzee, tumekaa kama kamati tumeona tukuambie asante", umwachie na nafasi aongee. Kijana wa boda mi naona upitie kwao, umwambie mama yake au mke wake akisikia, maana nyumbani huko wanachosikia kila siku ni mambo ya deni la pikipiki. Na ufanye mapema, wiki hiyo hiyo. Tunajua wenyewe vile kwenye mazishi chemani anapewa nafasi anamwaga mema ya marehemu na watu wanalia, na marehemu mwenyewe hakuwahi kuambiwa hata moja.

Wengine hawashukuru kwa sababu ya aibu, wanaona itakaa vibaya, mtu mzima kumwambia mtu mzima mwenzake maneno ya moyoni. Mwaka 2018 wataalamu wawili wa saikolojia huko Marekani, Amit Kumar na Nicholas Epley, walitoa utafiti ambapo watu waliandika barua za shukrani, na walioandika walidhani wanaozipokea watajisikia vibaya kuliko ilivyokuwa, alafu hawakutegemea kwamba hao watu watafurahi kiasi kile. Yaani aibu ni yako tu, mwenzako anasubiri.

Kuna shukrani moja ngumu na ndo ya maana kwangu. Mweka hazina anakuja anakuambia chemani, pesa hazilingani na kitabu. Kabla hujauliza nani alikula, mshukuru amekuambia. Ukianza na ukali siku hiyo, mwezi ujao hataleta habari, atatafuta vile ya kufunika, na siku ya kugawana mtakutana polisi.

Pesa nayo tusiikwepe. LC1 wenyewe kwa miaka mingi wamekuwa wakipewa shilingi 120,000 kwa mwaka mzima, kwa hiyo wanajua vile inauma ukisikia asante na mfuko ni mtupu. Kama ulimuahidi mtu nauli, soda haiwezi kuwa nauli, na maneno matamu pia hayawezi. Tuma nauli yake kwanza kwa mobaili mani, kama haipo mwambie wazi haipo na lini itakuja, alafu umpigie simu umshukuru.