Kabla hujamwita mchezaji msaliti, uliza mkataba wake unaisha lini

Dirisha la usajili likishafunguliwa, kijiweni kwetu Tandika kahawa hainyweki kwa kelele. Mimi ni Yanga, kadi ninayo, na haya nawaandikia kwanza Wananchi wenzangu, mashabiki wa Yanga, ingawa mtani wa Msimbazi, yule wa Simba, naye akisoma hatapungukiwa kitu.

Anza na tarehe. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi 6 kwenye mkataba wake kusaini kwingine. Klabu inayomtaka inachotakiwa ni kuiarifu klabu yake kwa maandishi kabla ya mazungumzo. Kiungo Clatous Chama alipokuja kwetu Julai 2024, mkataba wake na Simba ulikuwa umekwisha. Usaliti uko wapi hapo? Mwanasimba akisema ameumia, namwelewa, maana tunapenda kweli. Lakini hasira yake aipeleke kwa viongozi: kwa nini walimwacha kiungo wa aina ile afike mwisho wa mkataba?

Mkataba ukiwa bado unaishi, jambo ni zito zaidi, na hapo ndipo wengi wetu tunapotukana kabla ya kusoma. Chukua la Fei Toto, kiungo wetu wa wakati ule. Desemba 2022 aliweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga: milioni 100 za kuvunja mkataba, na milioni 12 za mishahara ya miezi 3. Aliona ameshakuwa huru. Klabu ikasema mkataba unakwenda hadi Mei 2024 na hauvunjwi na upande mmoja. Januari 2023 kamati ya TFF, shirikisho la soka nchini, inayoshughulikia hadhi za wachezaji ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga; akaomba marejeo, yakagonga mwamba. Mwezi Juni, Rais Samia alipoialika timu Ikulu baada ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, akaomba suala lile limalizwe. Siku chache baadaye Fei akauzwa Azam.

Maoni yangu kuhusu lile ni mawili, na nayashika yote. Kisheria Yanga ilikuwa sahihi. Lakini piga hesabu: milioni 12 kwa miezi 3 ni milioni 4 kwa mwezi, kwa kijana aliyekuwa roho ya kiungo chetu. Mtu anaweza kukosea njia ya kudai na bado akawa na dai. Waliomkejeli, wakamgusa na mama yake, hawakuitetea klabu hata kidogo. Na waliosema kule Azam ndio mwisho wake, msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19 ya ligi, mawili tu nyuma ya Aziz Ki wetu, Azam ikamaliza ya pili.

Jambo jingine la kuuliza: analipwa? Ukisikia "fulani amegoma kufanya mazoezi", usiishie kwenye neno kugoma. FIFA inasema klabu isipolipa mishahara ya miezi 2 bila haki, mchezaji anaweza kuitaka kwa maandishi ilipe ndani ya siku 15, na isipolipa anaruhusiwa kuvunja mkataba. Mgomo wa mtu anayedai jasho lake na utoro wa mtu aliyeahidiwa fedha kwingine havihukumiwi kwa maneno yale yale.

Kesi ikifika kwenye vyombo vya uamuzi, subiri viamue. Tulipopambana na Simba juu ya mshambuliaji Bernard Morrison mwaka 2020, sisi tulikuwa na uhakika kabisa kwamba ni wetu. Kamati ya TFF ikasema hapana. Klabu ikaenda CAS, mahakama ya michezo kule Uswisi, na Novemba 2021 nayo ikatukatalia. Mwaka 2022 Morrison huyo huyo akarudi kwetu Jangwani, na waliokuwa wakimlaani wakampigia makofi. Ndiyo maana nasema uchague maneno ambayo utaweza kukaa nayo mtu akirudi.

Kashfa za chumbani, nani kaachana na nani, ziache. Hazibadilishi pasi wala mkataba. Kashfa inayotuhusu mashabiki ni ile yenye shtaka: kupanga matokeo, dawa zilizopigwa marufuku, kumpiga mwamuzi. Hata hiyo, sema "anatuhumiwa" mpaka uamuzi utoke.

Tetesi zipime hivi. Picha ya mchezaji akishuka uwanja wa ndege inathibitisha kwamba amepanda ndege, basi. Anayetoka nje ya nchi anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa, na hiyo haitolewi kijiweni. Mpaka klabu imtambulishe, wewe sema "nasikia", usiseme "amesaini". Na mwenzako akikuuliza umesikia kwa nani, mtajie.