Somo: Uwanja mdogo wa ndege unapopanga miaka 20 ijayo, jirani unaingilia wapi?

Wadau, habari za leo. Somo hili ni la wanaoishi, kulima au kuchunga karibu na viwanja vidogo vya ndege: nyie wa Kisongo, Olasiti na Mateves, na wenzetu wa Moshi ambao uwanja wao uko ndani ya Manispaa kabisa. Kazi yangu ni ramani na mipango ya ardhi. Nilichokiona kila nilikopita ni kwamba watu hufurika kwenye kikao cha fidia, ila kile cha ramani ya mpango wa uwanja kilichotangulia walikwenda wachache, na nusu yao walifuata soda. Ukifika kwenye fidia, mstari umeshapita. Hapo unajadili bei ya nyumba yako. Suala la nyumba kubaki au kuondoka liliamuliwa siku ile uliyosema "hayo ni mambo ya wataalamu".

Kwa hiyo twende na kile kikao cha kwanza.

Hatua ya 1: Jua mlango wa kubisha

Wengi humwendea meneja wa uwanja kwa kila kitu, naye anawasikiliza kwa heshima halafu hakuna kinachotokea, kwa sababu mengi hayako mezani kwake. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (TAA) ndiyo inayoendesha na kuendeleza uwanja. Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ni mdhibiti: usalama, njia za ndege angani, urefu wa majengo na minara. Matumizi ya ardhi nje ya uzio ni ya halmashauri, na hapa Arusha angalia vizuri. Wa Olasiti mko Jiji, wa Kisongo na Mateves mko Halmashauri ya Wilaya. Uwanja mmoja, halmashauri mbili, maofisa mipango wawili. Barua ikienda upande mmoja tu, upande wa pili wana haki ya kusema hawakuiona.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini uwanja una njaa ya ardhi

Ukijua hesabu yao, hutapoteza muda kubishana na kisichobadilika. Uwanja wa Arusha uko juu, kama mita 1,390 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Kanuni ya wapangaji wa viwanja ni kuongeza asilimia 7 ya urefu wa njia ya kurukia ndege kwa kila mita 300 za mwinuko. Ndege inayohitaji mita 1,000 pale pwani, hapa kwetu itataka kama mita 1,320, na bado hujaongeza joto la saa saba mchana. Moshi, iliyo kama mita 850, inafika 1,200.

Mwisho wa njia hawaruhusiwi kuishia kwenye uzio papo hapo. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka eneo la usalama la angalau mita 90 kwa njia zenye urefu wa kuanzia mita 1,200, na vinapendekeza 240 pale inapowezekana. Tofauti kati ya 90 na 240 ni mita 150. Kwenye shamba la mtu hizo ni ekari kadhaa, na ndizo za kuulizia: mpango wetu umechukua ipi, na kwa nini?

Mpango wenyewe, huo tunaouita mpango kabambe, hupangwa kwa awamu, kwa kawaida miaka 5, 10 na 20. Ya awamu ya mwisho mengine hayatajengwa kamwe. Lakini ardhi iliyochorwa kwa ajili ya mwaka wa 20 inaanza kukunyima kibali cha ujenzi leo.

Hatua ya 3: Omba ramani nne, kwa majina yake

Ukisema "tunaomba kuona mpango" utaonyeshwa picha ya kupendeza ya jengo la abiria lenye vioo na miti ya mapambo. Omba hivi:

Ramani ya mipaka: mawe ya sasa yako wapi na ardhi ya akiba inaishia wapi. Ulizeni kwa namba za mawe, kisha nendeni mkayaone. Majirani wa KIA (uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro), vijiji vya Hai na Arumeru, walikaa miaka mingi kwenye mgogoro wa mipaka na uwanja uliofunguliwa mwaka 1971, kwa hiyo jambo hili msilichukulie kama karatasi tu.

Ramani ya urefu. Hii ndiyo isiyoeleweka, na ndiyo inayogusa watu wengi kuliko zote, kwa kuwa inawafuata hata zaidi ya kilomita 4 kutoka uwanjani. Angani juu ya vichwa vyenu kuna miinuko isiyoonekana, na hakuna paa, mti wala mnara wa simu unaotakiwa kuitoboa. Nikifundisha mtaani huwa nafanya hivi: nafunga kamba chini kwenye kigingi, naivuta mita 7 hadi kwenye fimbo iliyosimama mita 1, naifunga kwenye ncha ya fimbo. Hiyo ndiyo mteremko wa pembeni mwa njia: ukisogea mita 7, unaruhusiwa mita 1 juu. Watu huinama, wanachungulia kwa jicho moja kufuata kamba, halafu mmoja lazima aulize, "Kwa hiyo ghorofa la fulani linapita?" Mwishoni mwa njia, kunakotokea ndege, mteremko umelala zaidi. Kwa njia ya ukubwa wa kati inayotuliwa kwa kuona kwa macho ni 1 kwa 30. Mita 600 kutoka unapoanzia, unaruhusiwa mita 20 tu. Mgrevilia uliokomaa unafika hapo bila shida.

Ramani ya kelele: mistari inayoonyesha sauti inafika wapi, leo na mwaka wa 20. Ulizeni pia kuhusu taa za njia. Watu huziona taa kama maendeleo tu, na ni maendeleo kweli, ila uwanja wa mchana ukiwekewa taa unaweza kuwa uwanja wa usiku.

Ramani ya maji na barabara. Lami na maegesho ya ndege hayanywi maji. Mvua za masika zikishuka kutoka Meru kupitia makorongo, kila mita ya lami inaongeza kinachofika kwa wa chini. Kalavati litamwaga wapi?

Hatua ya 4: Tengenezeni ramani yenu

Hapa msisubiri mtu. Chapisheni picha ya setilaiti ya eneo kwenye karatasi kubwa, tembeeni nayo na wazee, kina mama wanaochota maji na vijana wanaochunga. Wekeni alama: njia ya ng'ombe kwenda malishoni na mnadani, korongo linalojaa, makaburi, bomba la maji, shule, zahanati, njia ya mkato ya watoto. Mtaalamu anayekaa siku mbili hawezi kuona kaburi lisilo na msalaba.

Kwa kelele, chukueni daftari la mistari. Wiki mbili, mtu mmoja shuleni na mwingine kwenye zahanati, waandike saa, ndege inaelekea wapi, inapaa au inatua, na somo lilisimama au halikusimama. Daftari hilo lina nguvu kuliko wazee kumi wenye hasira.

Hatua ya 5: Muhtasari, mahudhurio, muhuri

Itisheni mkutano kwa utaratibu: kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, mjini ni mkutano wa mtaa. Muhtasari uandikwe, mahudhurio yasainiwe, uambatanishwe na ramani yenu. Mkipeleka barua, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Msiondoke mapokezi bila muhuri, hata dada wa pale akisema bosi ametoka. Nakala kwa diwani ili suala liingie Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Kwa ardhi ya kijiji kuna jambo wengi hawalijui. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema serikali ikitaka kuihamisha kwa matumizi ya umma na eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Zaidi ya hapo ni waziri, baada ya kusikiliza maoni yenu.

Hatua ya 6: Andika maoni yanayoweza kutekelezwa

"Hatutaki kelele" haina mahali pa kuingia kwenye mchoro. Jaribu hivi: "Tunaomba ndege zinazopaa kuelekea magharibi zisikate kona kabla ya kupita shule, pale hali ya hewa inaporuhusu, na injini zisijaribiwe kabla ya saa moja asubuhi." Hilo rubani analielewa, mdhibiti analielewa, na linaweza kuandikwa kwenye utaratibu wa uwanja.

Ombeni pia kamati ya mashauriano ya kudumu, ikae hata mara mbili kwa mwaka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkazi, Olasiti: Mkuu, nina karatasi ya mauziano iliyosainiwa na mwenyekiti wa mtaa tu, hati sina. Wakichukua nitalipwa?

Kukosa hati hakufuti nyumba uliyojenga wala migomba uliyopanda, ila kunakupa kazi ya kuthibitisha. Tunza hiyo karatasi, risiti na majina ya majirani mnaopakana. Fidia inatakiwa iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Mbali na thamani ya ardhi na jengo, kanuni zina posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi (kodi ya pango ya miezi 36), na kwa mwenye biashara, faida ya miezi 36. Watu husahau duka. Anza kuandika mauzo yako sasa. Na tafadhali, tusipande miche usiku wa kuamkia uthamini. Mthamini anajua mche wa jana.

Mwalimu, Kisongo: Shikamoo. Hizo ramani za kelele zinatumia wastani wa siku nzima. Darasani kwangu shida ni zile ndege za asubuhi zinazofuatana kwenda hifadhini.

Marahaba mwalimu. Umeona penyewe. Wastani unaimeza asubuhi ndani ya saa 24. Ndiyo maana ya daftari: omba idadi ya miruko kwa kila saa, na sauti ya juu kabisa ya ndege moja. Kama kuna fedha za kupunguza athari, dari na madirisha ya shule yaingie kwenye orodha mapema.

Rubani: Nisamehe, lakini mnajenga hadi kwenye uzio, halafu mnatushitaki kwa kelele. Nani alitangulia?

Una haki, na wenzangu hawatapenda nikisema hivyo. Uwanja wa Moshi umezungukwa na mji kwa sababu viwanja vya kujenga viliendelea kugawiwa na kuuzwa. Ndiyo maana naomba ramani ya urefu na ya kelele ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa, mnunuzi aione kabla hajatoa hela. Ila na nyie mje kwenye vikao. Rubani akieleza mwenyewe kwa nini hawezi kukata kona upepo ukiwa wa upande fulani, mabishano ya saa nzima yanaisha.

Mfugaji, Mateves: Uzio ukisogezwa, ng'ombe wanapita wapi?

Mpango usipoonyesha njia mbadala, watazunguka barabara kuu ya lami, na huko ni malori. Chora njia ya sasa na nyingine unayoikubali, yenye upana unaotosha kundi, na useme maji yako upande gani. Ukiacha mwenye kalamu akuchagulie, atakupa upana wa gari dogo.

Mama mjasiriamali: Walikataa tusifungue machinjio ya kuku karibu na uwanja. Ni uonevu?

Hapana mama. Utumbo huleta ndege hai kama korongo na kunguru, na mmoja akiingia kwenye injini anaweza kuleta ajali. Kwa madampo, ICAO hushauri umbali wa kilomita 13. Machinjio yaliyofunikwa vizuri, yasiyoacha taka nje, yanaweza kujadiliwa, lakini fika kwa halmashauri na mchoro wa kutupa taka mkononi.

Kijana, Moshi: Kikao cha maoni kilishapita na sisi hatukuambiwa. Tumechelewa?

Kwa awamu hii mmepungukiwa, ila milango ipo. Mpango wa namna hii hupitiwa upya, mara nyingi kila baada ya miaka mitano. Halafu kabla ya ujenzi mkubwa kuna tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya 2004, na watathmini wanatakiwa kuwasikiliza wanaoathirika. Pelekeni barua wiki hii kwa TAA, nakala kwa Manispaa na diwani, mkiuliza mambo matatu tu: mapitio ni mwaka gani, ramani nne zinaonekana ofisi gani, na tangazo la kikao kilichopita lilibandikwa wapi. Msisahau muhuri.